Mama Alipompima Baba Usingizini

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, nesi alimlaza kitandani, akamnyoosha miguu, akatoa futi ya kupimia mfukoni mwa gauni lake na kuanza kumpima kuanzia utosini hadi kisiginoni. Niliinuka nikamshika mkono. Nikamuuliza anampimia nini, kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe ilinishtua. Nesi alinitazama vile wanavyowatazama wazazi ambao hawajalala, akanijibu taratibu kwamba kila mtoto anayezaliwa hupimwa urefu. Nikamwachia mkono, lakini macho yangu hayakuitoka ile futi mpaka alipoikunja. Kisha, mwanangu akiwa amelala ubavuni kwangu, nikajikuta nimerudi Miyuji, kwenye nyumba yetu yenye kuta zisizopigwa lipu, nikiwa mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa ameanza kumwogopa mama yake.

Baba alikuwa mtu wa kaunta. Miaka yote ya utoto wangu hadi wakati huo alifanya kazi kwenye baa moja kando ya barabara kuu, akiwa amesimama nyuma ya kaunta akihudumia madereva wa malori, madalali wa mahindi wanaotoka Kibaigwa na wafanyakazi wa ofisini waliokuwa hawataki kuonwa na mabosi wao. Yeye mwenyewe hakuwa mnywaji. Alirudi nyumbani akinuka moshi wa nyama na bia iliyomwagika, anaoga, anakaa mezani, na hatukuwahi kumsikia akitaja jina la mteja hata mmoja. Mama alikuwa ameokoka, mwimbaji wa kwaya, na neno baa halikutamkwa nyumbani kwetu. Tulisema kazini. Baba yuko kazini. Baba amechelewa kazini. Mama hakuwahi kukanyaga huko, na siku baba aliposahau funguo alinituma mimi nikasimame nje ya mlango mpaka atoke.

Halafu barabara ikapanuliwa. Siku moja ukuta wa baa ukaamka na alama ya X nyekundu, na haukupita muda mrefu tingatinga likaja. Mwenye baa alirudi kwao. Baba alirudi nyumbani.

Mwanzoni nilifurahi, maana sikuwahi kuwa na baba mchana. Lakini aliyerudi hakuwa yule niliyemngojea. Alikaa kwenye kiti cha plastiki ubavuni mwa nyumba, jua likisogea naye anasogeza kiti. Watu walimletea habari za kazi za ulinzi na za kupakia mizigo, akawashukuru, hakwenda. Wakati mwingine alisimama katikati ya sebule, mikono ikining'inia, kana kwamba amesahau mikono ni ya kufanyia nini. Mashati yake yakaanza kuwa makubwa. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani na mashine yake ilikaa barazani, aliyapunguza mashati yale kimyakimya, na baada ya muda akayapunguza tena.

Ndipo bibi mzaa baba akaja kutoka kijijini, upande wa Mpwapwa, na mfuko wa unga wa uwele na mlenda uliokaushwa. Alisema amekuja kumwona mwanawe. Alimwona, akamzunguka, akamshika shingo na mikono kama anayenunua mbuzi mnadani, kisha akakaa na hakuondoka. Kiswahili cha bibi kilikuwa kigumu kidogo, alijifunza ukubwani, na kwa sababu hiyo kila alilosema lilisikika zito.

"Homa hana," aliniambia siku moja tukiwa tunachambua mboga uani. "Kikohozi hana. Anakauka tu. Mjukuu wangu, humu ndani anakula nini?"

"Anakula tunachokula sisi, bibi."

"Chungu kimoja?"

"Chungu kimoja."

"Na sahani? Nani anampakulia?"

Nikasema mama. Kuanzia chakula cha mchana siku ile bibi alichota kutoka sahani ya baba kabla baba hajaanza kula, akitafuna polepole huku akimtazama mama usoni. Mama aliona. Alichofanya ni kusukuma bakuli la mboga karibu na bibi, akaendelea kula.

Mimi nilimpenda mama, na nadhani ningeyapuuza maneno ya bibi kama mama mwenyewe hangeanza kubadilika. Alianza kutoka mchana. Alifunika cherehani kwa kitambaa, akajitanda khanga, akaondoka na kifurushi, na aliporudi pindo la gauni lake lilikuwa na vumbi la rangi ya kahawia iliyoiva, si vumbi letu jekundu la barabarani. Lilikuwa na harufu kali iliyonifanya nipige chafya. Tukiuliza, alisema amepeleka vitambaa vya makochi. Simu yake ikiita, alitoka nje kuipokea, na mara mbili nilisikia sauti ya mwanaume upande wa pili. Bibi alisikia pia. Alikuwa na masikio makali kuliko sisi sote.

Jumamosi moja mama alinichukua niende naye, labda kwa sababu hakutaka niachwe na bibi. Tulikwenda Kizota, kwenye karakana zilizopangana, moja inachomelea mageti, nyingine inaranda mbao, kelele za mashine zikikufanya usome midomo ya watu. Tuliingia kwa fundi mmoja mrefu, mwenye kofia ya kiua na ndevu zilizojaa unga wa mbao, aliyeitwa fundi Ramadhani. Alikuwa mtu wa mjini wa zamani, wa zile familia ambazo mababu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki Dodoma. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanipa kipande cha mbao kilichochongwa nikichezee. Kumbe mama alikuwa akimshonea foronya za makochi anayoyauza, na kifurushi kilikuwa kweli ni vitambaa. Ningeweza kuridhika na hilo. Lakini ukutani kwa nyuma, baina ya vitanda na milango, yalisimama majeneza mawili mapya yamefunikwa nailoni, na mbele yangu, juu ya vigingi viwili, ulilala ubao mmoja mrefu, mpana, mwekundu kama nyama.

"Ndio huu," fundi alimwambia mama akiupigapiga kwa kiganja. "Mninga. Umekauka vizuri, hautapinda. Sina haja ya kuunga, ni ubao mmoja mwanzo hadi mwisho. Sasa nasubiri kipimo chako tu."

"Lazima kiwe kipimo chake mwenyewe?" mama akauliza.

"Kila mtu na kimo chake, dada yangu. Nikikisia utamtesa. Hiki si kitu cha kurudiarudia, kikishafika kwake kimefika."

"Hatakubali kupimwa. Akijua ninachofanya atakataa kabisa."

Fundi alikuna ndevu, vumbi likadondoka kifuani. "Basi mpime akilala," akasema.

Mama akatikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka kwamba niko pale, akanitazama. Mimi nilikuwa nimeinamia kile kipande cha mbao. Nilikiacha palepale chini tulipoondoka, na njia nzima kurudi Miyuji sikuushika mkono wake. Alinyoosha mkono wake, nikajifanya nafunga viatu.

Alimpima siku chache baadaye, mchana, upepo wa kipupwe ukipiga mabati. Baba alikuwa amelala mkekani sebuleni, chali. Bibi alikuwa ametoka. Nilikuwa chumbani nikifanya hesabu, nikasikia cherehani imenyamaza. Nilipochungulia, mama alikuwa amepiga magoti kando ya baba, futi ya kushonea aliyozoea kuivaa shingoni iko mikononi. Aliushika mkono wa baba, akaukunja polepole kwenye kiwiko, akangoja aone kama ataamka. Kisha akaweka ncha ya futi kwenye kisigino na kuivuta juu, akapita goti, akapita nyonga, akasimama kwenye kiwiko. Akaandika kwa chaki kwenye kiganja chake. Baada ya hapo hakuondoka. Alikaa akimtazama, mkono ameuinua juu ya paji la uso wa baba bila kugusa.

Akili ya mtoto ikishashika jambo haikubali kulegeza. Nilijiuliza kwa nini ameishia kwenye kiwiko wakati kichwa kiko juu zaidi, nikajijibu kwamba sehemu ya juu lazima alishaipima siku nyingine nilipokuwa shuleni.

Tangu siku hiyo nikawa mlinzi wa baba. Nilisogeza kiti changu kila alipokisogeza chake. Alipoenda chooni nilisimama nje nikikohoa ili nisikie kama atajibu. Mama alipomletea chai niliomba ninywe kwanza, na baba alinipa akidhani nina hamu ya sukari. Mama aliniangalia nikinywa, akaangalia na mlango wa jikoni alikokuwa amekaa bibi, na nikaona kitu kikipita usoni mwake ambacho wakati ule nilikisoma kama hasira ya mtu aliyegunduliwa. Leo naamini ilikuwa huzuni.

"Baba, unaumwa?" nilimuuliza siku moja kivulini.

"Siumwi, mama." Aliniita mama, kama wababa wengi wanavyowaita mabinti zao.

"Utakufa?"

Aligeuka akanitazama, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akanitazama vizuri. "Nani kakuambia?"

"Hakuna."

Hakuniuliza tena. Lakini alitazama juu ya kichwa changu, kuelekea barazani, alikokuwa mama akikanyaga cherehani, na akaendelea kumtazama kwa muda mrefu. Nikajua kwamba sasa hata yeye ameanza kutilia shaka, kama mimi na bibi.

Mezani siku ile, baba alisema, "Unakwenda wapi kila mchana?"

"Napeleka vitambaa," mama akajibu.

"Vitambaa gani vinavyorudi na vumbi la mbao?"

Mama aliendelea kumega ugali. Bibi aliacha kutafuna. Akanawa mikono kabla chakula hakijaisha.

"Yohana," akasema, "Jumapili tunaondoka mimi na wewe. Utakaa kwangu mpaka mwili urudi."

Baba alitazama sahani yake. Hakukubali, lakini hakukataa.

"Mama," mama alimwambia bibi, "naomba asiondoke kabla ya Jumamosi."

"Jumamosi kuna nini?"

"Kuna kitu nataka akione."

"Kitu hicho," bibi akasema, "ndicho ninachokiogopa mimi."

Jumamosi ilipofika mfuko wa bibi ulikuwa umeshafungwa na umewekwa mlangoni, na mashati mawili ya baba yamo ndani. Mama aliamka akafagia sebule, akasogeza makochi yote upande mmoja, akaacha kona ya dirishani wazi. Bibi alimwangalia akiifagia kona ile mara ya pili. Katika mitaa yetu, sebule husafishwa namna ile na makochi husogezwa namna ile pale tu watu wanapojiandaa kukaa chini kwa siku kadhaa.

Guta la mizigo likaja likinguruma, limebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa mashuka meupe ya mama na kamba. Fundi Ramadhani na kijana wake walikuwa wamekaa kingoni wakikishikilia kisianguke. Sijui mtaa ulijuaje, lakini milango ilifunguka. Jirani wa mbele akazima redio. Mama mmoja aliyekuwa anatwanga aliacha mchi ndani ya kinu, akajifunika khanga kichwani na kuanza kuja upande wetu kwa ule mwendo wa kwenda kutoa pole. Bibi alipoyaona yale mashuka alikaa chini palepale kwenye vumbi, akanyoosha miguu na kuanza kulia kwa Kigogo, kilio kile chenye maneno ndani yake, na katikati ya maneno nikasikia jina la baba.

Baba alitoka na kusimama mlangoni. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, na huo utulivu ndio ulionitisha zaidi.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mimi nilikimbia nikamshika suruali kwa mikono miwili nikamwambia baba usiingie ndani, twende na bibi, usiingie. Akaweka mkono kichwani pangu, akamwambia fundi, "Ndugu yangu, nyumba hii haina msiba."

"Najua, mzee," fundi akasema. Alionekana amechanganyikiwa na umati. "Na sisi hatukuleta cha msiba."

Mama alikuwa ameshafika kwenye guta. Alifungua kamba kwa meno pale fundo lilipokataa, akavuta shuka la juu, halafu la pili.

Ulikuwa ule ubao wa mninga, lakini sasa umepakwa vanishi mpaka ukaonyesha mawingu na mtu aliyeinama juu yake. Upande mmoja, urefu wote, ulikuwa na ubao mwingine uliochongwa mviringo, mnene kama mkono wa mtu, umeinuka kidogo kuliko uso wa meza na ukashuka kwa mkunjo laini ukingoni. Chini yake vilikuwa vimefungwa vipande vya mbavu na rafu, tayari kuunganishwa. Watu walisogea. Mmoja akasema ni meza ya kulia chakula, mwingine akasema ni ya kanisani. Mwanaume mmoja aliyekuwa nyuma, ambaye nadhani alimfahamu baba kutoka kazini, ndiye aliyesema.

"Hiyo ni kaunta. Kaunta ya baa."

Kilio cha bibi kilikatika. Minong'ono ikaanza upya, ya namna nyingine. Nilimsikia yule mama wa mchi akisema, "Si ameokoka huyu?"

Waliingiza vipande ndani na kuvisimamisha kwenye kona ya dirishani, fundi akipiga misumari ya mwisho na kufuta gundi iliyotoka kwenye maungio. Bibi alimfuata kila hatua. Ilipokamilika alipitisha mkono chini ya ubao wote, akapapasa nyuma ya rafu, akainama kuchungulia mahali ambapo ule mkono wa mbao umeungana na meza. Alikuta uvimbe mdogo wa kahawia, akaukwangua kwa kucha.

"Hii nini?"

"Gundi, bibi, na unga wa mbao. Tunazibia nyufa," fundi akasema.

Bibi akanusa kidole chake. Akamnusisha na baba. Baba alinusa, lakini macho yake hayakuwa kwa bibi. Alikuwa anaitazama kaunta vile mtu anavyomtazama ndugu aliyemdhania amekwisha kufa.

"Pita nyuma," mama akamwambia. "Simama. Egemea."

Baba akapita nyuma. Akasimama, akalaza mikono yake juu ya ule mviringo, na viwiko vyake vikakaa pale bila bega kupanda wala mgongo kupinda. Nikakumbuka futi ilivyosimama kwenye kiwiko. Nilikuwa nimemfuata huko nyuma, nikaendelea kushikilia suruali yake ingawa sikuwa na sababu tena.

Kisha baba akakunja uso. Akatoka nyuma ya kaunta, akazunguka mbele, akapapasa upande wa pili ambao ulikuwa bapa, ukingo mtupu. Akarudi nyuma. Akazunguka mbele tena.

"Fundi, nani aliyekuambia mkono wa kuegemea uuweke upande huu?"

Fundi Ramadhani akavua kofia akaivaa. "Mzee, mimi baa sijawahi kuingia tangu nizaliwe. Nimefuata maelekezo ya mama."

Baba akamgeukia mama. "Na wewe?"

"Mimi nimeingia wapi?" mama akasema.

Kwanza nilidhani baba anakohoa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika na ameinamia ubao. Halafu sauti ikatoka, na lilikuwa cheko, la chinichini, la mtu ambaye hakulitumia muda mrefu na halimtoki vizuri. Alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati lililopunguzwa mara mbili.

"Mke wangu," akasema, "mkono huu ni wa mteja. Mteja ndiye anayeegemea. Mwenye kaunta haegemei, akiegemea watasema amechoka."

Uso wa mama ulianguka. "Basi fundi atauhamisha."

"Aache."

"Si umesema si mahali pake?"

Baba alikuwa amelaza tena mikono pale. "Nimesimama miaka mingi, Esta," akasema. "Aache tu."

Bibi hakuwa amemaliza. "Kwa hiyo atauza pombe humu? Mbele ya mtoto?"

"Hatauza pombe, mama."

"Atauza nini?"

"Sijui," mama akasema. "Nilitaka apate pa kusimama."

Ningependa kusema kwamba mambo yalitulia kuanzia hapo, lakini shaka ilihama tu. Bibi aliufungua mfuko akatoa mashati, akasema anaahirisha safari kwa sababu hajaelewa bado. Mwenyekiti wa mtaa alipita akiwa kama anasalimia tu, akaomba maji, na alipokuwa anakunywa alichungulia kila rafu ya kaunta akakuta vikombe vyetu na chupa ya chai. Kina mama wa kwaya walikuja watatu. Walisimama karibu na mlango, wakakataa kukaa, wakaitazama ile mbao inayong'aa kana kwamba itawaita kwa majina. Mkubwa wao alimwambia mama kwa upole sana kwamba wameona apumzike kuimba kwa kipindi, mpaka jambo hili lieleweke.

"Jambo gani, dada?" mama akauliza.

"Hili," yule mama akasema, na hakuelekeza kidole.

Mama akaitikia. Aliwasindikiza mpaka barabarani kama kawaida, akarudi akakaa kwenye cherehani, akaendelea kushona. Alikuwa anaimba sauti yake ya kwaya, ile ya pili, peke yake, bila ya kwanza wala ya tatu, na wimbo ukiimbwa hivyo huutambui.

Baba alianza kuvaa viatu asubuhi. Hilo ndilo nililoliona mapema zaidi. Alivaa viatu, akaenda nyuma ya kaunta, akafuta mbao ambayo haikuwa na uchafu. Jirani wa mbele alikuja kuomba kiberiti, akabaki amesimama, akasimulia habari za mwanawe aliyeko Dar es Salaam, akaondoka amesahau kiberiti. Kesho yake akaja tena. Baba alimchemshia chai. Sikusikia baba akimshauri kitu. Aliuliza neno moja, akajaza kikombe, akanyamaza mahali panapostahili. Nilikuwa simjui baba huyu. Wageni wa barabarani walikuwa wamemjua maisha yangu yote, na mimi ndio kwanza nakutana naye.

Jumapili ya kwanza ambayo mama hakuimba, alikwenda ibadani akakaa viti vya nyuma, akarudi mapema. Mimi nilikuwa sebuleni, bibi alikuwa uani na ungo wa choroko. Mama aliingia na nguo zake za kanisani, akaweka Biblia juu ya cherehani. Badala ya kwenda jikoni alikwenda akasimama mbele ya kaunta, upande ule mtupu, mikono ameikumbatia kama mtu aliyesikia baridi.

"Karibu," baba akasema. Ilikuwa sauti ya kazini, laini na isiyouliza kitu.

"Mteja hufanyaje?"

"Huagiza."

"Mna nini?"

"Chai ya rangi. Na maji."

"Nipe chai."

Baba akamimina, akaweka kisahani chini, akakisukuma kikombe kikafika mbele yake bila kumwagika. Mama alikizungusha kwa vidole. Hakunywa.

"Wateja wako walikuwa wanakuambia mambo yao?"

"Wengi."

"Ukawa unayapeleka wapi?"

"Siyapeleki. Yanabaki palepale."

Mama alitazama ukutani, kisha akatazama mikono yake. "Basi mimi nina jambo," akasema. "Ni la miaka mingi. Ni kuhusu kule kazini kwako, na ni kwa nini sikuwahi kukanyaga. Watu waliniambia mambo, na mimi nikayaweka moyoni, na nimekaa nayo."

Baba hakushtuka wala hakujitetea. Aliweka pembeni kitambaa alichokuwa anafutia, akalaza mikono yake juu ya ule mkono wa mbao, akainama kidogo mbele, sikio karibu na mama. Hapo mama akaniona.

"Nenda kwa bibi yako uani," akasema.

Nilikuwa nimezoea kusikiliza. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimekusanya kila neno lililotoka kinywani mwake na kulipima. Nilitoka, nikapita jikoni bila kusimama, nikaenda moja kwa moja mpaka uani, nikakaa kwenye mkeka.

"Wanasemaje huko?" bibi akauliza.

"Wanaongea."

"Wanaongea nini?"

"Sijui, bibi."

Aliutazama mlango. Nilidhani atanyanyuka, alikuwa ameshakunja goti moja. Kisha akalinyoosha tena, akausogeza ungo katikati yetu. Tukachambua choroko, tukatoa mawe na zilizotobolewa, sauti ya mama ikija chini, ikikatika, ikija tena, na ya baba ikija kwa nadra. Saa ya chakula ikafika, ikapita, na hakuna aliyetuita. Choroko zikaisha ungoni. Bibi akazirudisha ungoni zilizo safi, akaanza kuzichambua upya.